Namna ya kuisikiliza albamu ya Woodstock kwa masikio ya fundi mitambo

Kijana akija kwangu Kinondoni kutaka kujifunza ufundi wa mitambo ya sauti, simkabidhi mikseri kwanza. Namkabidhi hedifoni na albamu ya Woodstock, tamasha la muziki la uwanja wa wazi huko Marekani. Wengine hununa. Wamekuja kujifunza kupigia bendi za dansi na harusi, mzee anawapa wazungu wa mwaka 1969 wenye magitaa yanayolia kama yameumizwa. Nawaambia wavumilie. Ukiimaliza albamu hiyo kwa namna nitakayoeleza hapa, utajua jukwaa la wazi linavyosikika mvua inaponyesha, waya zinapogoma na watu wamejaa kupita kiasi, na utajua pia studio inavyoweza kuficha hayo yote baadaye.

Jina lake kamili ni Woodstock: Music from the Original Soundtrack and More. Ilitoka Mei 1970, santuri tatu ndani ya jalada moja, chini ya Cotillion, lebo ndogo ya kampuni ya Atlantic. Julai mwaka huo ilikaa wiki 4 kileleni mwa chati ya albamu ya Billboard huko Marekani. Tamasha lenyewe lilianza Ijumaa Agosti 15, 1969, likaisha asubuhi ya Jumatatu tarehe 18, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur, Bethel, jimbo la New York. Mji wa Woodstock uko kama kilomita 65 kutoka hapo. Waandaaji walihamahama kutafuta eneo, jina wakabaki nalo. Tiketi ya siku tatu ilikuwa dola 18 kwa aliyekata mapema na dola 24 getini, mpaka watu walipouzidi nguvu uzio na tamasha likawa la bure. Makadirio ya waliofika yanapita 400,000.

Jambo la kuliweka kichwani kabla hujabonyeza chochote: ulichoshika ni kazi ya mezani. Tamasha lilikuwa malighafi. Mtayarishaji Eric Blackstead alipewa kanda za siku tatu, wasanii zaidi ya 30, akatoa saa mbili na dakika kadhaa. Alikata, akapanga upya, akaunganisha shangwe za wimbo huu na mwanzo wa ule. Simlaumu, ningepewa kazi ile ningefanya vilevile. Lakini msikilizaji anayetaka kujifunza lazima awe na jicho la fundi cherehani: aone mishono.

Kupata nakala

Kama huna gramafoni, usijitese. Albamu ipo kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni, na inatosha kabisa kwa zoezi hili. Sharti moja tu, usitumie spika ya simu wala kile kispika cha kuchaji cha sebuleni. Vaa hedifoni za kufunika sikio lote. Utatakiwa kujua nani yuko kushoto na nani yuko kulia, na spika moja haiwezi kukuambia hilo.

Ukibahatika kuipata ile ya santuri kwa wauza vitu vya mtumba, toa sahani zote tatu nje kabla ya kulipa. Nakala za kwanza za Marekani zina namba SD 3-500. Sasa angalia lebo za katikati: upande wa 1 umegongwa mgongo kwa mgongo na upande wa 6, wa 2 na wa 5, wa 3 na wa 4. Nimeshamwona muuzaji akishusha bei mwenyewe akidhani kiwanda kilikosea. Hakikukosea. Enzi hizo watu wengi walikuwa na mashine zinazojidondoshea santuri zenyewe moja baada ya nyingine. Unapanga sahani tatu juu ya mhimili, zinapigwa upande wa 1, 2, 3, kisha unaupindua mzigo mzima mara moja na kuendelea na 4, 5, 6. Ukiwa na gramafoni ya kawaida itabidi ubadilishe sahani kila upande unapoisha. Andika mpangilio kwenye karatasi na uiweke ndani ya jalada, vinginevyo utaruka kutoka mwanzo wa albamu moja kwa moja hadi upande wa Jimi Hendrix.

Jalada lisikupite. Picha ni ya Burk Uzzle: vijana wawili wamesimama wamejifunika blanketi, nyuma yao kilima cha watu waliolala. Hakuna mwanamuziki hata mmoja mbele. Waliotengeneza albamu hii walijua wanauza umati, na ndani utausikia umati huo ukipewa nafasi kama chombo.

Duru ya kwanza: sikiliza walivyokupangia

Sikiliza yote, kwa mpangilio wake, bila kusimama kuandika. Gawa kwa siku mbili ukichoka. Kwenye duru hii fanya kazi moja tu: jiulize kila wimbo unapoisha, makofi haya yanakwenda wapi? Makofi ya kweli ya uwanjani huwa na umbo. Yanaanza mbele ya jukwaa, yanapanda kilima, yanafika kileleni, yanaachia, halafu kuna mtu mmoja anayepiga mluzi peke yake. Ukisikia makofi yasiyopanda wala kushuka, yanayokaa usawa mmoja mpaka wimbo mwingine uingie, hapo mkono wa mhariri umepita.

Kabla ya duru ya pili, nikueleze walichokuwa nacho waliorekodi. Sauti ya uwanjani ilikuwa ya Bill Hanley, aliyesimamisha spika juu ya minara ya vyuma pembeni mwa jukwaa. Kurekodi kulikuwa chini ya Eddie Kramer, mzaliwa wa Cape Town aliyekuwa amefanya kazi na Hendrix London, pamoja na Lee Osborne. Walikuwa na mashine za kanda za njia 8, yaani sauti 8 tu zingeweza kurekodiwa kila moja kwenye mstari wake. Kati ya hizo 8, moja ililiwa na alama ya kuoanisha sauti na kamera, kwa sababu Michael Wadleigh alikuwa anapiga filamu wakati huohuo. Zinabaki 7. Hesabu bendi kama Sly and the Family Stone: dramu, besi, gitaa, kinanda, tarumbeta, saksafoni, waimbaji kibao. Vyombo vilibidi vichanganywe papo hapo kabla ya kuigusa kanda, na ukishachanganya hivyo hakuna studio itakayokutenganishia baadaye. Kijana wa leo ana njia 32 na bado analalamika dramu hazijakaa vizuri.

Barabara zilikuwa zimefungwa na magari, wasanii wakaletwa kwa helikopta. Bendi inashuka, inapanda, inapiga. Fundi yeyote aliyewahi kupokea bendi usiyoijua, saa isiyopangwa, nayo ina mpiga tumba ambaye hakuna aliyekuambia atakuwepo, ataisikiliza albamu hii kwa huruma kidogo.

Nyimbo zisizotoka shambani

Hii ndiyo sehemu vijana wangu huipenda, wanasikia wamekamata wezi. Kuna nyimbo mbili kwenye albamu ambazo hazikurekodiwa Bethel hata kidogo. "Sea of Madness" ya Crosby, Stills, Nash & Young ilirekodiwa ukumbi wa Fillmore East, jijini New York, mwezi uliofuata. "Coming into Los Angeles" ya Arlo Guthrie ni ya ukumbi wa Troubadour, huko Los Angeles kwenyewe.

Usikubali kwa sababu nimesema mimi. Sikiliza "Wooden Ships", halafu "Sea of Madness", halafu rudi. Ndani ya ukumbi, sauti ya dramu inagonga ukuta na kurudi. Kuna mkia mfupi nyuma ya kila pigo. Uwanjani hakuna ukuta. Sauti inatoka na kupotea, ndiyo maana dramu za shambani zinasikika kavu na karibu. Kwa Guthrie sikiliza watu. Umati wa ukumbini unacheka na kupiga makofi kwa ukubwa wa chumba. Ukishapata tofauti hiyo sikioni, utaitumia maisha yako yote, maana ndiyo tofauti kati ya kufunga mitambo Diamond Jubilee na kufunga kwenye viwanja vya wazi.

Santana nao wamekatwa. "Soul Sacrifice" ya albamu inachukua kama dakika 8. Waliyopiga kweli ilipita dakika 11. Hapo siwaelewi wahariri. Sehemu ya katikati ya wimbo ule ndiyo nyama yenyewe.

Duru ya pili: panga kwa saa

Tengeneza orodha yako mwenyewe ya nyimbo, kwa utaratibu wa jukwaani. Albamu inaanza na John Sebastian, aliyepanda Jumamosi mchana, tena hakuwa hata kwenye ratiba. Tamasha lenyewe lilifunguliwa na Richie Havens, Ijumaa saa 11 jioni. Kwa hiyo anza na "Freedom". Havens alikuwa amemaliza nyimbo zake, waliotakiwa kumfuata hawajafika, akaambiwa aendelee. Akaanza kupiga gitaa na kurudiarudia neno moja mpaka likawa wimbo, akaunganisha na wimbo wa kale wa Wamarekani weusi, "Motherless Child". Chini yake sikiliza tumba. Gitaa linakwenda kama rizimu, tumba inajibu, mwimbaji anatafuta njia. Ni ujanja ambao kila bendi ya dansi inaujua, ule wa kuwaweka watu wakati mkuu wa bendi bado yuko njiani.

Baada ya hapo weka Guthrie ukitaka, ukijua siyo yeye wa usiku ule, kisha nyimbo mbili za Joan Baez, saa 7 usiku wa kuamkia Jumamosi. Alikuwa mjamzito, mumewe David Harris yuko gerezani kwa kukataa kupelekwa vitani Vietnam. "Joe Hill" inamhusu mtunzi wa nyimbo za wafanyakazi aliyeuawa kwa kupigwa risasi Utah mwaka 1915. Kifundi ni somo la maiki: sauti moja, gitaa, na utulivu. Ukitaka kujua maiki ya jukwaani ina uwezo gani, usiipime kwa bendi. Ipime kwa mtu kama huyu.

Jumamosi mchana aje Country Joe McDonald, peke yake na gitaa. Hapa onyo. Kabla ya wimbo wake wa kupinga vita vya Vietnam anawaitisha watu herufi nne za tusi, nao wanazirudisha kwa sauti zote za uwanjani. Kama nyumbani kuna wakwe, hedifoni zako zibaki kichwani. Katikati ya wimbo anawagombeza: wako laki tatu, wanaimba hafifu, vita vitasimamaje? Baada ya kemeo hilo, kiitikio kinapanda.

Saa 8 mchana, Santana. Nitarudi kwake. Halafu Sebastian, na Canned Heat jua linapozama. Kisha kuna pengo, maana waliofuata usiku ule, akiwemo Janis Joplin, Grateful Dead na Creedence Clearwater Revival, hawamo kwenye santuri hizi tatu. John Fogerty wa Creedence hakuridhika na walivyopiga. Rekodi yao ya usiku huo haikutoka kama albamu mpaka 2019. Grateful Dead walipiga huku wakipigwa shoti na vyombo vyao kwa sababu waya wa ardhi haukuwa sawa. Mdogo wangu unayefunga jenereta kwenye matope ya masika, rudia sentensi hiyo.

Saa 9 na nusu usiku ndipo Sly wanaingia, saa 11 alfajiri The Who, na saa 2 asubuhi Jefferson Airplane na "Volunteers". Ukizipanga hizi tatu pamoja utasikia kitu ambacho mpangilio wa albamu umekificha: watu hawajalala. Sly anawaamsha, The Who wanamaliza kukipambazuka, na Airplane wanapiga kama watu waliosubiri zamu yao usiku kucha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili saa 8 mchana ni Joe Cocker. Baada yake weka ile sehemu ya mvua, watu wakiimba na kugonga makopo kuifukuza, na tangazo la kuwataka waliopanda minara washuke. Jioni Country Joe arudi na bendi yake. Usiku Ten Years After, "I'm Going Home", zaidi ya dakika 9 za Alvin Lee kukimbizana na gitaa lake. Binafsi naona dakika 5 zingetosha, lakini vijana wanaopiga solo hawanielewi kabisa tukifika hapa. Saa 9 usiku wa kuamkia Jumatatu ni Crosby, Stills & Nash na "Suite: Judy Blue Eyes". Alfajiri ni Paul Butterfield na "Love March", kisha Sha Na Na, vijana wa chuo wanaoimba vibao vya miaka ya 1950 kwa mbwembwe, na saa 3 asubuhi Hendrix. Kufikia hapo wengi walishaondoka.

Duru ya tatu: sikiliza chombo kimoja kimoja

Siwezi kukupitisha nyimbo zote. Chukua nne.

Ya kwanza "Soul Sacrifice". Santana wakati huo hawakuwa na albamu sokoni; ya kwanza ilitoka mwisho wa mwezi huohuo. Sikiliza mara moja tumba za Michael Carabello tu. Mara ya pili timbali za José "Chepito" Areas. Mara ya tatu dramu za Michael Shrieve, kijana wa miaka 20, hasa pale anapoachiwa peke yake. Mara ya nne kinanda cha Gregg Rolie. Masikio yetu yana nafuu hapa. Mdundo wa Kikuba umeingia nyumbani kwetu tangu miaka ya 1930 kwa sahani za GV za His Master's Voice, ukapita Kongo ukawa rumba, ukarudi Dar ukawa dansi. Msikilizaji wa Marekani mwaka 1969 aliona ajabu rock kuwa na tumba. Wewe utaona ajabu kwamba tumba zimewekwa chini kidogo kuliko ungeziweka mwenyewe. Andika ungezipandisha kiasi gani. Hilo ndilo zoezi.

Ya pili, "Suite: Judy Blue Eyes". Stephen Stills anawaambia watu kwamba hii ni mara yao ya pili tu kupiga mbele ya hadhira, na kwamba wana hofu. Halafu wanaanza kuimba sauti tatu, na unasikia hofu ilivyo. Sauti zinatafutana, moja inapanda kidogo, nyingine inashuka. Kumbuka hawakuwa na monita, zile spika za jukwaani zinazomrudishia mwimbaji sauti yake, za kuaminika kama zetu. Mtu asiyejisikia huimba kwa nguvu zaidi, na akiimba kwa nguvu hutoka kwenye noti. Kwaya zote ninazozipigia zina ugonjwa huu, na dawa yake haiko kwa mwalimu wa kwaya, iko kwenye spika za jukwaani.

Ya tatu ni mfululizo wa Sly, pale anapoitikisha uwanja "Higher!". Usimsikilize Sly, sikiliza jibu. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 170 kutoka jukwaani anaisikia nusu sekunde baadaye, na jibu lake linachukua nusu sekunde nyingine kurudi. Ndiyo sababu umati mkubwa haujibu kwa pigo moja. Jibu linakuja limesambaa, kama limepakwa. Mwimbaji mgeni kwenye uwanja mkubwa husikia jibu limechelewa, akapunguza kasi kulisubiri, bendi ikayumba. Sly hasubiri. Mpe msanii wako kipande hiki kabla ya kumpandisha Uwanja wa Uhuru.

Ya nne ni Hendrix, karibu dakika 13 zinazofunga albamu: wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa, "Purple Haze", kisha kipande kisicho na maneno. Kila mtu anasikiliza wimbo wa taifa, gitaa likiiga mabomu na ving'ora. Sikiliza na wewe, ni halali yake. Ila baada ya hapo nakupa kazi ya kutafuta watu. Hendrix hakuwa na bendi ya watu watatu asubuhi ile. Alikuwa na Billy Cox kwenye besi, Mitch Mitchell kwenye dramu, Larry Lee kwenye gitaa la pili, na wapiga tumba wawili, Jerry Velez na Juma Sultan. Ndiyo, Juma Sultan, Mmarekani wa California mwenye jina ambalo ungelitarajia kwenye daftari la madrasa ya Tanga. Sasa mtafute. Weka hedifoni, funga macho, mtafute Juma.

Humpati. Au unapata kivuli chake tu, pembeni ya dramu. Kwenye filamu utawaona wamekaa pale na tumba zao, mikono inakwenda. Waliochanganya sauti baadaye waliwashusha, na Larry Lee pamoja nao, mpaka kwenye santuri ikabaki sauti ya watu watatu, ile ambayo wanunuzi walimzoea nayo Hendrix. Kila kijana ninayempa zoezi hili namwuliza swali moja: ungekuwa wewe kwenye mikseri, ungemwacha Juma wapi? Mmoja alinijibu, "Mzee, ningemsikiliza kwanza peke yake ndiyo niamue." Huyo nilimpa waya kesho yake.

Usiruke matangazo

Watu wengi huruka vipande vya maneno. Kwa fundi mitambo ndivyo vya thamani, kwa sababu hakuna muziki wa kuficha maiki. Chip Monck, aliyekuwa fundi wa taa, alijikuta ndiye mshereheshaji. Msikilize anapowaonya watu kuhusu dawa za kulevya za rangi ya kahawia zinazozunguka uwanjani. Habari ni ya hatari, sauti yake imetulia, maneno yamekwenda polepole, mapumziko marefu kati ya sentensi. Anajua maneno yake yana safari ya kupanda kilima. Linganisha na washereheshaji wetu wanaomeza maiki na kupiga kelele mpaka spika zinaomba msamaha.

Halafu Max Yasgur mwenyewe, mwenye shamba, Jumapili. Anaanza kwa kusema yeye ni mkulima, hajui kuongea na watu ishirini, sembuse umati ule. Yuko mbali kidogo na maiki, anasitasita. Fundi mwenye haraka angempandishia sauti mpaka maiki ipige mluzi. Hapa wamemwacha, umati umemnyamazia, na kila neno linasikika.

Ukitaka kulinganisha na ukweli wote

Mwaka 1971 ilitoka Woodstock Two, santuri mbili, yenye mabaki mazuri ya Hendrix na Melanie na Mountain. Ni nyongeza, usianze nayo. Kazi kubwa ni ya 2019: Back to the Garden, iliyosimamiwa na Andy Zax na Steve Woolard, CD 38, nyimbo na matangazo 432, kwa mpangilio wa saa, karibu kila kitu kilichobaki kwenye kanda. Walitengeneza masanduku 1,969 tu, kwa hiyo mimi na wewe tuyasahau. Lakini kuna toleo la CD 10 la mradi huohuo, nalo linatosha kukuonyesha wasanii walioachwa 1970.

Ukilipata, fanya ulinganisho huu mmoja. Weka "Soul Sacrifice" ya 1970 na ya 2019, badilisha kila baada ya nusu dakika. Utasikia mahali mkasi ulipopita, na utasikia uwanja ulivyorudishwa hewani badala ya kubanwa. Usiharakishe kusema ya zamani ni mbovu. Ile ya 1970 ilitengenezwa ichezwe sebuleni, kwenye spika ndogo, iuzwe, na ilipe: waandaaji walitoka Bethel na deni linalopita dola milioni moja, na mapato ya filamu na albamu ndiyo yaliyosaidia kuliziba.

Ukishazoea, hamishia masikio yako Kinshasa. Septemba 1974 kulikuwa na tamasha la siku tatu pale, lililopangwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, likitayarishwa na Hugh Masekela na Stewart Levine. Sehemu ya wasanii wa Afrika, akina Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti na Miriam Makeba, ilitoka kama albamu mwaka 2017 kwa jina Zaire 74: The African Artists. Fanya duru zilezile tatu. Kwa Franco anza na gitaa la rizimu, uache solo mpaka mwisho, na uandike ni dakika ngapi zimepita kabla sebene halijafunguka.